Sahani ya Bati Ukumbini

"Kaka, hawa watu wanakula sinia moja, au kila mtu ana sahani yake?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza la mchoraji. Tulikuwa tumekaa uwani kwa Bibi, Gerezani, hatua chache kutoka kwenye kelele za Kariakoo, na mbele yetu zilikuwapo karatasi nilizochapa: hadithi ya watoto ya kurasa 24, maneno machache kila ukurasa, nafasi kubwa ya picha. Hadithi inahusu familia inayopika pilau ya Idd. Nilikuwa nimeiandika kwa wiki mbili na nilidhani kazi yangu imekwisha.

Nikamjibu kwamba wanakula sinia moja. Akaandika. Kisha akauliza kama wanaume na wanawake wanakaa pamoja, kama watoto wana sinia lao, kama wamekaa kwenye jamvi au mkeka, kama jiko ni la kuni, la mkaa au la mafuta ya taa. Mwishowe akauliza ni mwaka gani.

"Zamani," nikasema.

Akaweka penseli chini. "Zamani siwezi kuichora, kaka. Nipe mwaka."

Mimi ndiye niliyesoma historia chuo kikuu, na swali hilo lilipaswa kutoka kwangu. Ukweli ni kwamba mwaka niliujua vizuri. Kila Idd, sinia likishaondolewa na watu wameshanawa, nyumba yetu husimuliana kisa kile kile, na kisa hicho kina mwaka: 1983. Bibi alipika pilau saa nane za usiku, milango imefungwa, matambara yamesukumwa chini ya mlango ili harufu isitoke. Watoto waliamshwa wakala kwa mwanga wa koroboi. Mjomba wangu, aliyekuwa na miaka sita, alianza kucheka na mdomo umejaa, na Babu akamziba kwa kiganja. Hapo wote hucheka, na mjomba mwenyewe, ambaye sasa ana mvi, hucheka kuliko wote.

Hicho ndicho nilichokiandika. Ila niliuondoa mwaka, na niliiondoa sababu. Katika hadithi yangu, mama anapika usiku ili awashangaze watoto asubuhi ya sikukuu. Mhariri alikuwa ameniomba kitu cha furaha, chenye "chakula chetu cha asili", kisichofungwa na wakati. Nilimtii haraka kuliko nilivyopaswa.

*

Nianze na hilo neno asili, maana ndilo lililotupotezea siku mbili za kwanza.

Mchoraji alitaka kuchora viungo vikiwa vimepangwa kwenye ungo, kila kimoja na jina lake, ili mtoto ajifunze. Tukaviorodhesha: binzari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu. Nilipoitazama orodha nikaona kwamba hakuna hata kimoja kilichoanzia kwetu. Pilipili manga na iliki ni mimea ya kusini mwa Bara Hindi. Karafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na ukaenea kwa jasho la watumwa katika mashamba ya enzi ya Seyyid Said. Hata jina pilau tumelipokea kutoka kwa Waajemi na Wahindi, na jamaa zake wameenea kuanzia Uturuki hadi Bengal.

Lakini wali wenyewe ni mkongwe katika pwani hii. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, umewekwa kwenye chombo kikubwa, na kitoweo juu yake. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, tangawizi mbichi, na embe na pilipili zilizosindikwa. Kutoka hapo alishuka Mombasa na Kilwa. Mgeni huyu aliona karibu miaka 700 iliyopita kitu ambacho mtoto wa Gerezani angekitambua leo bila kuelezwa: wali mwingi katikati, mboga juu, watu pembeni.

Kwa hiyo nilimwambia mhariri kwamba pilau ni yetu kwa sababu tumeipika muda mrefu, si kwa sababu imeota hapa. Alikubali. Orodha ya viungo ilibaki, na mchoraji akaongeza wazo zuri: jahazi dogo kwenye pembe ya ukurasa.

*

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: vitabu vya watoto vya Kiswahili vimekuwa vikionyeshaje chakula? Mchoraji alitaka mifano ili asirudie ya wengine. Nikaenda kutafuta.

Ngano za Kiswahili za kwanza kuchapwa kitabuni kwa wingi ni zile alizokusanya Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1870. Hakikuwa cha watoto, na walengwa wakuu walikuwa Wazungu wanaojifunza lugha, lakini ngano zenyewe ni zile zilizosimuliwa majumbani. Katika kisa cha Sultani Darai, maskini aliyekuwa akiokota punje za mtama jaani ananunua paa, na paa huyo kwa akili zake anamfanya kuwa mtu mkubwa. Siku paa anapougua, bwana wake anaagiza apikiwe uji wa mtama duni. Msimulizi hana haja ya kutuambia kwamba huyu bwana amekuwa mtu mbaya. Kile alichoagiza kitiwe bakulini kimeshatuambia.

Miaka 30 hivi baadaye, mwaka 1903, kilitoka Ujerumani kitabu cha desturi za Waswahili chenye sehemu kubwa iliyoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Humo mna harusi, mfungo, siku ya mwaka, na adabu za kula na kukaribisha wageni. Mtu huyu aliyewaeleza Wajerumani jinsi kwao mgeni anavyopokewa alioa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, na alipojaribu kurudi nyumbani pamoja naye mwaka 1905, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam. Walirudi Ujerumani, na yeye alifia Berlin mwaka 1927. Hakukaribishwa kwao tena.

Kitabu cha picha kama tunavyokijua leo, chembamba, chenye rangi, cha kusomwa na mtoto kwa hiari yake, kilichelewa. Kizazi cha mama yangu kilikuwa na vitabu vya shule, vingi vikishirikiwa na watoto watatu au wanne kwenye dawati moja, na katika miaka ya 80 hata karatasi ilikuwa taabu. Mabadiliko makubwa yalikuja na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na wa busara: mchapishaji anachapa, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, hivyo mchapishaji hapati hasara kwa kuthubutu kuchapa hadithi ya mtoto kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Walter Bgoya, aliyekuwa ameongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya 90 tulisoma hadithi yetu ya kwanza ya hiari katika vijitabu vya wakati huo.

Nilivisoma tena vichache kwa ajili ya mchoraji, na tuligundua jambo. Chakula kimo tele. Kuna sungura mlafi, kuna fisi anayefuata harufu mbili hadi anapasuka, kuna mtoto anayeiba nyama chunguni. Njaa imo pia, lakini mara nyingi ni njaa ya wanyama, au ya kijiji kisicho na jina, iliyoletwa na mvua kugoma. Katika vile tulivyovisoma hatukuona hata kimoja ambamo chakula kimekosekana mjini, kwa sababu ya sheria, katika familia yenye baba anayelipwa mshahara.

"Yako ingekuwa ya namna hiyo," mchoraji akasema. "Kama ungeandika ilivyokuwa."

*

Siku ya tatu alitaka kuchora nyumba. Hapo angalau hatukuhitaji kubuni kitu, kwa sababu tulikuwa tumekaa ndani yake.

Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uwani nyuma palipo na jiko, choo na bomba. Baba yake Babu aliijenga kwa udongo na miti, Babu akaja kuitia tofali. Familia ilikaa vyumba vitatu vya kulia. Vya kushoto vilikuwa vya wapangaji. Jiko lilikuwa la wote, na hakuna aliyeweza kupika kitu ambacho mwenzake hakukijua.

Gereza, neno lililozaa jina la mtaa, lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kwenye pwani yetu likaishia kuwa ngome, kisha kifungo. Jirani yetu Kariakoo ina jina lenye uchungu zaidi. Wajerumani walijenga pale ukumbi wa soko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, jeshi lilipageuza kuwa kambi ya wapagazi wake, Carrier Corps, na midomo ya watu wa Dar es Salaam ikalifanya Kariakoo. Soko lilifunguliwa mwaka 1923. Wapagazi waliokufa katika vita vile ni makumi ya maelfu, na walioondolewa na maradhi ni wengi kuliko walioondolewa na risasi. Kuhara kulikuwa muuaji mkubwa, na miongoni mwa sababu zake ni unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, uliopikwa nusunusu mwishoni mwa siku ya kutembea na mzigo kichwani. Soko kubwa kuliko yote la chakula nchini linabeba jina la watu waliokufa kwa kulishwa vibaya.

Jengo tunalolijua, lenye paa kama miavuli iliyofunguliwa juu chini, lilibuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, siku chache kabla ya Idd el Hajj, Bibi alikaa barazani mpaka alfajiri akitazama moshi. Alikuwa amenunua mchele pale kwa zaidi ya miaka 40. Asubuhi alisema neno moja tu, kwamba moto umefanya kazi ambayo hata mwaka ule haikufanyika. Sikumuuliza mwaka upi. Mchoraji ndiye aliyemuuliza, miaka minne baadaye, akiwa na penseli mkononi.

"Bibi, usiku ule wa pilau, Babu alikuwa amekaa wapi?"

"Hakukaa. Alisimama mlangoni."

"Mlango wa barabarani?"

"Hapana, mjukuu wangu. Mlango wa chumba. Wa ukumbini."

Nikaacha kuandika. Miaka yote nimesikia kwamba walifunga milango, na nilichukulia ni milango ya nje, dhidi ya mgambo. Nikamwomba aeleze tangu mwanzo.

*

Ili kisa kieleweke, lazima niseme hali ilivyokuwa.

Kufikia 1983 Tanzania ilikuwa imechoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na ukame ulikuwa umerudi zaidi ya mara moja. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, ndilo lililokuwa na haki ya kununua nafaka, kwa bei iliyopangwa na serikali. Bei ilikuwa ndogo na malipo yalichelewa, kwa hiyo mkulima mwenye gunia la mpunga aliona heri kumuuzia mtu aliyekuja usiku na fedha taslimu. Mtu huyo aliitwa mlanguzi. Mjini, maduka yalikuwa na rafu tupu na foleni ndefu. Sabuni, sukari, khanga, mafuta, vyote vilipatikana kwa mgao na kujuana. Unga uliokuwapo mara nyingi ulikuwa wa mahindi ya njano ya msaada kutoka ng'ambo, na watu wakauita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi ya timu. Babu alikuwa Simba. Bibi anasema kila ugali ule ulipowekwa mbele yake aliutazama kama mtu aliyefungwa bao.

Machi mwaka ule serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, akiiongoza Waziri Mkuu Edward Sokoine. Maduka na maghala yalipekuliwa. Bunge likapitisha sheria maalumu, na kesi zikapelekwa kwenye mabaraza maalumu badala ya mahakama za kawaida. Wengi waliifurahia, kwa sababu walikuwa wamechoshwa na watu walioficha bidhaa huku wengine wakipanga foleni tangu alfajiri. Lakini hofu haikuwachagua matajiri peke yao. Watu walitupa vitu usiku mitaroni kwa kuogopa kukutwa navyo. Na nafaka ilikuwa na sheria yake: mtu hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 bila kibali. Mwaka uliofuata kiwango kilipandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 zuio likaondolewa kabisa. Lakini katikati ya Julai 1983, Idd ilipokaribia, hesabu ilikuwa bado 30.

Babu alifanya kazi reli. Ndugu yake alimletea mchele wa Kilombero hadi Morogoro, na Babu akaupanda nao treni: debe mbili, kilo 36 hivi. Nusu aliuficha ndani ya godoro la sufi, ukafika Gerezani ukiwa umelaliwa. Kwa hesabu ya sheria, familia yangu ilivuka mpaka kwa kilo sita.

"Kuupata tumeshaupata," Bibi alisema. "Kuula sasa, kazi. Ubwabwa ungeweza kuficha. Pilau ina mdomo. Ukitia kitunguu kwenye mafuta na binzari juu yake, mtaa mzima umeshajua."

"Kwa nini hukupika wali mweupe?" nikauliza.

Alinitazama kama ninavyostahili. "Idd, mume wangu? Niwape watoto wali mweupe siku ya Idd?"

Basi akapika usiku, ndani ya chumba, kwenye jiko la mafuta ya taa, sufuria ndogo mara mbili badala ya kubwa mara moja. Hakuweza kupalia makaa juu ya mfuniko, kwa hiyo aliweka taulo lililoloweshwa. Na Babu akasimama mlangoni, akiutazama mlango wa upande wa pili wa ukumbi.

Nyuma ya mlango ule alikaa mpangaji na mkewe na watoto watatu. Mume alikuwa akibeba mizigo sokoni, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hawakuwa maadui. Mke ndiye aliyemshika mama yangu alipozaliwa, kabla mkunga hajafika. Lakini balozi wa nyumba kumi alikuwa ametoka kijiji kimoja na yule mume, na katika miezi ile jambo hilo lilitosha. Kila sikukuu tangu Bibi alipoolewa, sahani ya kwanza ilivuka ukumbi kabla mtu wa nyumbani hajatia tonge mdomoni. Idd ile haikuvuka.

"Watoto wake walikuwa macho," Bibi alisema. "Niliwasikia. Mdogo alikohoa. Ukumbi wenyewe si huu unauona? Hatua tatu."

Hakuna aliyecheka. Mjomba, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa uwani, alitoka nje taratibu.

*

Asubuhi, watu walipotoka msikitini, mlango wa upande wa pili ulifunguliwa. Yule mama alivuka zile hatua tatu na sahani ya bati iliyofunikwa kawa. Ndani mlikuwa na vitumbua vya unga wa Yanga, vigumu, vya njano, vyenye sukari kidogo sana. Alisema Idd Mubarak, akawapa watoto mkono, akarudi chumbani. Hakutaja harufu, siku ile wala baadaye.

Sahani ya jirani hairudi tupu. Kila aliyelelewa uswahilini anajua hili: ukiletewa kitu, chombo unakirudisha na kitu, hata kama ni chumvi, ndimu mbili au viberiti. Bibi aliosha sahani ile akaiweka. Pilau iliyosalia ilikuwa chini ya kitanda, na kumpelekea sasa kungekuwa kumwambia kwamba jana ulinyimwa. Kumpelekea kitu kingine kungekuwa uongo mwingine. Akasubiri apate kitu kinachofaa. Wiki zikapita.

Mwaka ule ule ulileta sheria nyingine, ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Katika Dar es Salaam watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mitaani na kupelekwa vijijini. Mbeba mizigo wa sokoni, anayelipwa na huyu leo na yule kesho, hakuwa na wa kumwandikia. Katika mtaa ambao jina lake limetokana na wapagazi, mpagazi alihesabiwa kuwa mzururaji. Alichukuliwa, na baada ya siku chache mkewe akafunga virago akamfuata na watoto. Bibi alikuwa kwenye foleni ya sukari. Aliporudi, chumba kilikuwa kimefagiliwa.

Sahani ilibaki. Mchoraji alikuwa ameiona tangu siku ya kwanza kabatini, nyeupe yenye ukingo wa buluu, imebanduka rangi pembeni, imewekwa peke yake juu ya vyombo vya udongo. Alidhani ni ya kumbukumbu ya harusi.

*

Tulibishana wiki nzima. Mhariri alisema watoto wa miaka saba hawahitaji uhujumu uchumi. Ni kweli, hawauhitaji kwa jina. Mimi nilitaka kila kitu kiwemo, pamoja na kilo sita, kwa hamaki ya mtu aliyejikuta amesema uongo. Bibi ndiye aliyekuwa na ombi gumu kuliko yote. Alitaka mchoraji amchore akivuka ukumbi na sahani ya pilau usiku ule.

"Lakini hukuvuka, Bibi," nikasema.

"Najua sikuvuka. Ndiyo maana nakuomba."

Sikuwa na jibu la haraka. Katika darasa la historia ningesema haiwezekani. Uwani kwa Bibi, mbele ya mwanamke wa miaka 78 anayeomba kurekebishiwa usiku mmoja, haikuwa rahisi hivyo. Mwishowe nilimwambia kwamba tukimchora akivuka, yule mama wa vitumbua atakuwa hakufanya jambo lolote kubwa; atakuwa amerudisha tu sahani ya jirani. Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi mchoreni yeye. Mimi msinichore."

Ndivyo kitabu kilivyo sasa. Ukurasa wa 16 ni giza, na mstari wa mwanga chini ya mlango mmoja. Ukurasa wa 17 ni mlango wa pili, na nyuma yake macho matatu ya watoto yaliyo wazi. Maneno yake ni machache: mwaka ule chakula kilikuwa haba, watu waliogopa, na sahani haikuvuka. Ukurasa wa 18 ni asubuhi, na mkono wa mwanamke umeshika sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu. Uso wake hatukuuchora, kwa kuwa hatuna ruhusa yake. Mhariri aliusoma mara mbili, akabadilisha nukta moja.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa bado wazi Idd iliyopita. Chumba cha upande wa pili siku hizi ni stoo ya kava za simu, na vijana wawili waliotoka Mbeya hulala humo wakilinda mzigo. Baada ya swala Bibi aliitoa sahani kabatini, akapakua pilau, akaweka nyama mbili nzuri juu, akafunika kawa, akanipa. Ni hatua tatu kweli. Nilizihesabu.

Jioni mmoja wa vijana aliirudisha. Ilikuwa imeoshwa, imekauka, na tupu. "Ahsante sana, Bibi," alisema, "ilikuwa tamu." Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akamwambia karibu tena. Kijana alipoondoka aliigeuza sahani akaitazama chini na juu, kama anayetafuta kitu kilichogandia.

"Hajafundishwa," akasema, bila hasira. "Kwenye hicho kitabu chenu, hili limo?"

Nikamwambia halimo. Mchoraji, aliyekuwa akila utandu kwenye pembe ya sufuria, alinawa mkono mmoja akafungua daftari lake.

"Irudi na nini, Bibi?" akauliza. "Ndimu au viberiti?"

Bibi alifikiri kidogo. "Ndimu," akasema. "Viberiti mtoto asije akachezea."